Deriki: minara ya kuchimba mafuta na gesi, inavyofanya kazi na aina zake

NAMOTO, Cabo Delgado – Pande zote mbili za mto Ruvuma, kutoka Mtwara hadi Palma, neno "rigi" limekuwa likizunguka sokoni tangu gesi ilipoanza kutafutwa kwa nguvu katika miaka ya 2000. Dalali akisema rigi inakuja, bei ya kiwanja hupanda kabla mtambo haujashuka melini, na wapo waliokopa wakanunua tela kwa maneno hayo tu. Baadhi walipata kazi. Wengine waligundua baadaye kwamba rigi iliyosemwa ilikuwa meli, ikachimba mbali baharini na kuondoka bila gari lao kubeba hata bomba moja.

Kwa hiyo mfanyabiashara na msafirishaji wa njia hii ana sababu ya kuujua mtambo wenyewe: unafanya nini, uko wa aina gani, na kila aina inahitaji mzigo gani.

Deriki ni nini

Deriki ni ule mnara wa chuma unaosimama juu ya kisima wakati wa kuchoronga. Watu wengi huita mtambo mzima rigi au deriki bila kutofautisha, lakini kwa mafundi deriki ni mnara peke yake, na rigi ni mnara pamoja na injini, pampu, matangi, jenereta na sakafu ya kazi. Jina lenyewe lina historia ya ajabu: linatokana na Thomas Derrick, mnyongaji wa London aliyefanya kazi hiyo karibu na mwaka 1600. Waingereza walianza kuliita jina lake kitanzi chake, kisha winchi za kunyanyulia mizigo, na mwishowe mnara wa mafuta.

Deriki haichimbi. Kazi yake ni kubeba. Kinachochimba ni kichwa chenye meno, yaani biti, kilichofungwa kwenye ncha ya mabomba yaliyounganishwa moja kwa moja hadi kilomita kadhaa chini. Mabomba hayo lazima yashushwe, yazungushwe na kupandishwa, na uzito wake wote unaning'inia kwenye mnara.

Ni uzito kiasi gani? Bomba la kuchorongea la inchi 5 lina karibu kilo 30 kwa kila mita, hivyo mita 3,000 za bomba ni kama tani 90. Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi si huo. Kisima kikifika kina kilichopangwa hutandikwa ndani yake mabomba mapana ya kukinga kuta zisiporomoke, ambayo mafundi huyaita keisingi, kisha saruji humwagwa nyuma yake. Keisingi ya inchi 9 5/8 ya unene wa kawaida ina karibu kilo 70 kwa mita. Mita 3,000 zake ni tani 210. Mnara hupimwa kwa siku hiyo ya keisingi.

Kapi, waya na winchi

Aliyewahi kupandisha foromali ya jahazi ameshaielewa nusu ya kazi. Henza hupita kwenye gofia, mabaharia wakavuta chini na foromali ikapanda juu. Deriki ni vivyo hivyo, ila henza ni waya wa chuma na mabaharia ni winchi yenye nguvu farasi elfu moja au zaidi.

Juu kabisa ya mnara kuna seti ya kapi zisizosogea. Chini yake kuna seti nyingine inayopanda na kushuka, yenye kulabu kubwa. Waya hupita kati ya seti hizi mbili mara nyingi, kwa kawaida mara 8, 10 au 12. Ncha moja ya waya huenda kwenye ngoma ya winchi kuu, na nyingine hufungwa imara kwenye mguu wa mnara, ambapo pia hupimwa uzito unaoning'inia.

Faida yake ni hii. Tuseme kulabu imebeba tani 200 na nyuzi za waya ni 10. Kila uzi unabeba tani 20, na winchi inavuta tani 20 tu, tukiacha msuguano. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: kapi za juu hazibebi tani 200. Uzi unaokwenda kwenye winchi na ule uliofungwa kwenye mguu nao huvuta chini, kila mmoja tani 20, na mnara unajikuta umebeba tani 240. Ndiyo maana mnara unaoitwa wa tani fulani haufai kuulizwa uzito tu. Huulizwa pia nyuzi ni ngapi.

Waya huo huchakaa. Hukatwa kipande na kusogezwa kila baada ya kazi fulani, na roda mpya ya waya huagizwa mara kwa mara. Roda za namna hii ni mzigo wa kawaida wa tela, zito kuliko zinavyoonekana kwa macho.

Kuzungusha na tope

Zamani biti haikuzungushwa. Ilinyanyuliwa na kuangushwa, ikaponda mwamba kama mchi ndani ya kinu. Edwin Drake alitumia njia hiyo huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859 na kupata mafuta katika kina cha mita 21 hivi. Njia ya kuzungusha ndiyo iliyoshinda, hasa baada ya kisima cha Spindletop, Texas, kulipuka mafuta mwaka 1901.

Kwa muda mrefu mabomba yalizungushwa na meza ya duara iliyopo kwenye sakafu ya mnara. Mitambo ya siku hizi hutumia mota kubwa inayoning'inia kwenye kulabu yenyewe na kuteremka pamoja na bomba, ikishika reli ndani ya mnara. Mota hiyo ni ghali na haipendi kugongwa. Ikisafirishwa huwa na fremu yake.

Wakati biti inazunguka, pampu husukuma tope ndani ya mabomba hadi chini. Tope hutoka kwenye matundu ya biti, huipoza, na kurudi juu nje ya bomba likibeba vipande vya mwamba. Uzito wa tope pia huizuia gesi isipande. Tope likiwa jepesi mno, gesi itaingia kisimani. Likiwa zito mno, litapasua mwamba na kupotea. Kwa hiyo huchanganywa bentonaiti ya kulifanya liwe zito kama uji na baraiti ya kuongeza uzito. Baraiti ni unga wenye uzito wa zaidi ya mara nne ya maji. Dereva anayepakia mifuko yake kwa kuangalia nafasi iliyobaki kwenye tela atajikuta mizani imemkamata ilhali tela bado linaonekana nusu tupu.

Chini ya sakafu ya mnara, juu ya mdomo wa kisima, hufungwa rundo la vali kubwa za kufunga kisima endapo gesi itazidi nguvu ya tope. Mafundi huliita BOP.

Kwa nini mnara ni mrefu

Kupandisha mabomba yote ili kubadili biti ni kazi ya saa nyingi. Kufungua kila bomba moja la mita 9 kungechelewesha mno, hivyo hufunguliwa matatu matatu, kipande cha mita 27 au 28, na kusimamishwa pembeni ndani ya mnara. Mnara lazima uwe na nafasi ya kipande hicho pamoja na kapi na kulabu. Ndiyo maana mtambo wa kati wa nchi kavu una mnara wa mita 43 hadi 45. Mitambo midogo hufungua mawili mawili, na mnara wake ni kama mita 30. Baharini hufika mita 50 na zaidi.

Juu kule, kwenye jukwaa dogo lililo karibu na ncha ya vipande hivyo, husimama mtu mmoja aliyejifunga mkanda. Kazi yake ni kuvikamata na kuvipanga. Upepo wa kusi ukizidi, yeye ndiye wa kwanza kushuka. Kimbunga Kenneth kilipoingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019 kiliwakumbusha wengi kwamba pwani hii si salama kwa kila kitu kirefu. Kila mnara una kikomo chake cha upepo, na hupungua mabomba yanapokuwa yamesimamishwa ndani, kwa sababu nayo hushika upepo kama tanga.

Deriki na mlingoti

Hapa ndipo tofauti inayomhusu msafirishaji inapoanza.

Deriki halisi ina miguu minne, imejengwa kipande kwa kipande kwa bolti kutoka chini kwenda juu. Ni imara sana, lakini kuihamisha ni kuifungua yote. Zamani nchi kavu zilikuwa za mbao, na nyingi ziliachwa juu ya kisima kwa sababu kuibomoa kuligharimu kuliko kujenga nyingine. Leo deriki za miguu minne zimebaki zaidi baharini, ambako hazifunguliwi.

Kinachoonekana nchi kavu sasa kwa kawaida ni mlingoti. Una uso mmoja wazi, hufika kwa vipande vinne au vitano juu ya tela, huunganishwa ukiwa umelala chini, kisha winchi ya mtambo wenyewe huuvuta ukasimama. Shughuli ya kuusimamisha huchukua muda mfupi, lakini hutanguliwa na siku nyingi za kupanga vipande kwa zamu. Tela lenye sehemu ya msingi likichelewa mpakani, matela mengine yote hukaa yakisubiri, maana mlingoti haufungwi hewani.

Aina ya tatu ni mlingoti unaochomoza kama darubini kutoka mgongoni mwa lori. Huja kwa magurudumu yake na hushikiliwa na nyaya pembeni. Huu ni wa visima vifupi au wa kufanyia matengenezo kisima kilichokwisha chimbwa. Kwa mbali unafanana na mitambo ya kuchimbia visima vya maji, na kila inapopita mmoja wapo watu hupandisha kodi za nyumba. Haubebi kambi ya watu wengi wala haukai.

Nne ni mitambo inayotembea. Mahali penye visima vingi vilivyokaribiana, mlingoti hausogezwi kwa tela bali husukumwa ukiwa wima, kwa reli au kwa miguu ya haidroliki, kutoka kisima hadi kisima. Uganda ndipo pa kuutazama: kwenye Ziwa Albert, mradi wa Kingfisher ulianza kuchoronga Januari 2023, na mpango wake ni visima 31 kutoka viwanja 4 tu, vikipinda chini ya ziwa. Kwa msafirishaji maana yake ni kwamba mlingoti wenyewe hulipiwa kubebwa mara moja, na fedha iliyobaki iko kwenye keisingi, saruji, dizeli na chakula kwa miaka.

Eneo letu limeonja mitambo ya nchi kavu kwa kiasi. Upande wa Tanzania, AGIP ya Italia iligundua gesi Mnazi Bay mwaka 1982, ikaachwa kwa kukosa soko. Kampuni ya Artumas ya Kanada ilirudi huko mwaka 2005, visima vingine vikafuata, na gesi ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Upande wa Msumbiji, bonde la Ruvuma nchi kavu lilichimbwa kisima cha Mecupa-1 mwaka 2009, kisha Tembo-1 na Kifaru-1 kati ya 2014 na 2015. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichozaa mradi. Mtambo ulikuja, ukakaa miezi, ukaondoka.

Baharini

Kwenye maji mafupi hutumika jukwaa lenye miguu mirefu ya chuma. Huvutwa na tagi likielea, kisha hushusha miguu hadi sakafu ya bahari na kujiinua juu ya mawimbi. Kikomo chake ni kina cha mita 120 hivi. Mbele ya Palma bahari hushuka kilindini haraka, kwa hiyo gesi kubwa iliyopatikana haikuwa kazi ya majukwaa haya.

Aina ya pili ni jukwaa linaloelea juu ya mihimili mikubwa iliyozama nusu. Deepsea Stavanger ni la aina hii. Mwaka 2010 lilichimba kusini mwa Tanzania kwa ajili ya kampuni ya Ophir, katika visima vilivyopewa majina ya Pweza na Chewa. (Majina ya samaki na viungo vya pilau yalienea sana kwenye bahari ya Tanzania miaka hiyo, baadaye kikaja Zafarani.)

Tatu ni meli yenye deriki katikati. Sakafu ya meli ina tundu ambalo mabomba hupitia hadi baharini. Haitii nanga, injini zake zinazoongozwa na setilaiti huishikilia mahali pamoja. Kwa kuwa meli hupanda na kushuka na mawimbi ilhali biti lazima itulie kwenye mwamba, deriki yake ina mitungi ya haidroliki inayofidia kila wimbi. Mnara wa meli za kisasa mara nyingi ni mpana, wenye vituo viwili vya kazi: kimoja kinachoronga, kingine kinaunganisha mabomba yanayofuata.

Meli ndizo zilizobadilisha historia ya Cabo Delgado. Belford Dolphin, kwa niaba ya Anadarko, ilichimba kisima cha Windjammer katika maji ya kina cha zaidi ya mita 1,400, na ugunduzi ukatangazwa Februari 2010. Eni ya Italia ilifuata na Mamba mwaka 2011 na Coral mwaka 2012.

Meli ya kuchimba hula na kunywa kupitia vyombo vidogo vinavyotoka bandarini. Kituo chake huwa Pemba au Mtwara. Namoto haipo katika hesabu hiyo. Anayetaka biashara ya meli aitafute kwenye lango la bandari na kwa mawakala wa kampuni za huduma, si kwenye ukingo wa Ruvuma.

Vinavyodhaniwa kuwa deriki

Mnara wenye moto juu yake ni wa kuchomea gesi ya ziada, hauchimbi. Coral Sul, chombo kilichofika bahari ya Palma Januari 2022 na kupakia shehena ya kwanza Novemba mwaka huo, ni kiwanda cha kugandisha gesi kuwa kimiminika. Visima vyake vilichimbwa na meli nyingine. Winchi ndefu za ujenzi zinazoonekana Afungi nazo si deriki: visima vya mradi ule viko baharini, na Afungi ni mahali pa kiwanda. Mzigo wa kiwanda ni mwingine kabisa, zaidi ni vyuma vya ujenzi, saruji na watu, na ndio uliosimama mradi ulipositishwa Aprili 2021, baada ya shambulio la Palma la Machi 24. TotalEnergies ilitangaza kuondoa usitishaji huo Novemba 2025.

Kisima cha gesi kikikamilika mnara huondoka. Kinachobaki ni rundo la vali lenye urefu wa mtu au zaidi kidogo, ndani ya uzio.

Mzigo wa rigi ya nchi kavu

Mtambo wa nguvu farasi 1,500, unaofaa kwa kina cha mita 4,000 na zaidi, huhama kwa matela kati ya 50 na 100, bila kuhesabu kambi ya wafanyakazi. Baadhi ni makontena ya kawaida. Mengine hayagawanyiki: pampu moja ya tope ya nguvu farasi 1,600 ina karibu tani 25 kabla ya kuwekewa mota na fremu, na winchi kuu huzidi hapo. Vipande vya msingi ni vipana kuliko tela na huhitaji lobedi, kibali cha mzigo usio wa kawaida na gari la kusindikiza.

Keisingi ni kazi nzuri kwa mwenye tela la kawaida. Zile tani 210 za mfano wa juu, ukipakia tani 28 kwa gari, ni safari 8. Yafungwe kwa minyororo na vizuizi vya pembeni, na vifuniko vya nyuzi visiondolewe. Bomba lililogongwa uzi hukataliwa kiwanjani na gharama humrudia aliyebeba.

Mizani za Tanzania hufuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: tani 56 kwa jumla, na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo bali SADC, na kibali cha upande mmoja hakivuki mto. Mtambo wenyewe kwa kawaida huingia kwa utaratibu wa uingizaji wa muda, ukiorodheshwa kipande kwa kipande kwa namba. Dizeli, saruji na baraiti huisha kisimani, hivyo hutangazwa kama bidhaa za kutumika. Kuzichanganya katika hati moja ni njia ya hakika ya kulala mpakani. Upande wa Namoto hati zinasomwa kwa Kireno.

Njia nayo ichaguliwe mapema. Kuvuka kati ya Kilambo na Namoto kumekuwa kukitegemea kivuko na maji ya bamvua, na mzigo mzito wa rigi haukutengenezewa pantoni. Daraja la Umoja, mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, liko mbali juu ya mto. Ndiyo sababu sehemu nzito za mitambo hupendelea kushuka kwa meli katika nchi ile ile zitakakofanya kazi, na mpaka huachiwa vyakula, vipuri na mizigo midogo.

Kabla ya kukopa kwa ajili ya rigi, maswali ya kumuuliza anayekupa habari ni machache. Ni kisima cha nchi kavu au cha baharini? Ni kimoja, au mfululizo? Mkataba wa kuhamisha mtambo ameupata nani, na analipa siku 30, 60 au 90 baada ya ankara? Kisima kimoja cha utafiti humalizika kwa wiki chache hadi miezi michache. Kikikosa gesi hujazwa saruji, keisingi hukatwa chini ya ardhi, na matela yale yale huitwa kurudisha mtambo bandarini, mara nyingi kwa haraka kuliko yalivyouleta, kwa sababu rigi hukodishwa kwa siku na mwenye kulipa hataki siku ya ziada.